Sifuri Tatu kwa Pigo Moja: Mwongozo wa Kibodi ya Namba Isiyo na Waya

Kariakoo, Dar es Salaam, haina namba fupi. Jora la kitambaa, kodi ya fremu, gharama ya kutoa mzigo bandarini, vyote vinaandikwa kwa maelfu na mamilioni, na noti yetu kubwa kuliko zote ni ya shilingi 10,000. Karani anayeingiza mauzo kwenye kompyuta hapa anabonyeza sifuri kuliko namba nyingine yoyote, na kosa linaloumiza zaidi ni la sifuri moja iliyozidi au iliyopungua. Laki mbili inakuwa milioni mbili, hesabu ya stoo inagombana na ya mauzo, na kijana wa watu anakatwa mshahara kwa fedha ambayo haikuwahi kuwepo.

Mwongozo huu ni wa huyo anayeingiza namba: keshia wa duka la jumla Mtaa wa Kongo, mhasibu aliyemaliza chuo cha IFM au CBE anayeshika vitabu vya maduka matatu kwa pamoja, karani anayeandika mauzo ya mnada soko la samaki la Feri, Magogoni. Kifaa chenyewe ni kibodi ndogo ya namba pekee. Kila kitufe chake kina swichi yake ya kimakanika, na inaunganishwa na kompyuta bila waya.

KWA NINI UINUNUE, NA NANI ASIINUNUE

Laptopu nyingi za mtumba zinazouzwa mjini, kama HP EliteBook 840 au ThinkPad T480, zina kioo cha inchi 14 na hazina sehemu ya namba upande wa kulia. Unabaki na mstari mmoja wa namba juu ya herufi. Kuutumia kunahitaji macho: unaangalia risiti, unaangalia vitufe, unaangalia kioo, unarudi kwenye risiti na kutafuta mstari uliokuwa unausoma. Hapo ndipo sifuri zinapopotea. Ukiwa na kibodi ya namba iliyozoeleka mkononi, macho hayaondoki kwenye karatasi.

Kwa nini ya kimakanika? Kwa sababu kitufe cha kawaida cha mpira kinalegea, kisha kinaanza kukataa au kurudia, na kwa kawaida kinachotangulia kuchoka ni sifuri au Enter. Swichi ya kimakanika hutengenezwa kuvumilia makumi ya mamilioni ya mibonyezo, na kwenye kibodi nzuri ikiharibika unaichomoa na kuweka nyingine bila kuchomelea chochote.

Kwa nini isiyo na waya? Sababu ni meza. Kaunta ya fremu ni nyembamba, inabeba kalkuleta, mashine ya risiti ya EFD, kitabu cha risiti na chai. Kibodi isiyo na waya unaisogeza kando mteja akifika na kuirudisha akiondoka.

Lakini kama unaingiza namba 20 au 30 kwa siku, usitumie pesa yako hapa. Tumia ulichonacho, au nunua ya waya ya kawaida. Kifaa hiki kinalipa kwa mtu mwenye mafungu ya ankara, hasa siku zile za kukimbiza ritani ya VAT kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ujue pia kwamba mashine ya EFD ya mkononi ina vitufe vyake. Kibodi hii ni ya kompyuta. Anayetoa risiti kwa mfumo wa VFD kwenye laptopu ndiye atakayeifaidi.

JAMBO LA KWANZA: 7 IKO JUU AU IKO CHINI?

Kabla ya swichi na betri, angalia vidole vyako vimezoea nini. Kwenye simu, mstari wa juu ni 1, 2, 3. Kwenye kalkuleta na kibodi ya kompyuta, mstari wa juu ni 7, 8, 9. Mpangilio wa kalkuleta ni wa zamani zaidi: mashine ya kujumlisha ya Sundstrand ya Marekani ilikuwa nao mwaka 1914. Ule wa simu ulitoka kwenye majaribio ya maabara za Bell, yaliyochapishwa mwaka 1960, walipokuwa wakitafuta mpangilio ambao watu wa kawaida wangeutumia haraka bila kukosea.

Hili lina uzito kwa mtu aliyekuwa wakala wa pesa kwa simu miaka mingi, halafu akakabidhiwa kompyuta ya duka. Kidole chake kinakwenda 1 kikipata 7, kinakwenda 3 kikipata 9. Namba iliyokosewa hivyo haina alama yoyote ya kukushtua, kwa sababu 7,500 nayo ni bei ya kweli.

Utaona baadaye kwamba kibodi hizi zinaruhusu kuhamisha kitufe chochote, na utatamani kuzigeuza zifanane na simu. Usifanye hivyo. Siku ukikaa kwenye kompyuta ya ofisi nyingine, au mwenzako akikaa kwenye yako, makosa yatakuwa mengi kuliko ya mwanzo. Zoeza mkono:

1. Weka kidole cha shahada kwenye 4, cha kati kwenye 5, cha pete kwenye 6. Kitufe cha 5 kina kinundu. Kitafute bila kuangalia.
2. Dole gumba ni la sifuri peke yake.
3. Kidole kidogo ni cha Enter na alama ya kujumlisha.
4. Chukua risiti za zamani zenye jumla inayojulikana, ziingize kwenye Excel huku kitambaa kimefunika mkono, kisha linganisha jumla.
5. Spidi usiitafute. Tafuta jumla sahihi mara kadhaa mfululizo, spidi itakuja yenyewe.

KUCHAGUA SWICHI

Wauzaji watakuonyesha rangi. Rangi hizo zilianzia kwa kampuni ya Cherry ya Ujerumani na zikaigwa na watengenezaji wa China kama Gateron, Kailh na Outemu. Katika familia hiyo kitufe kinashuka karibu milimita 4 na kinaandika kikifika katikati, karibu milimita 2.

Nyekundu inashuka moja kwa moja bila kizuizi na inahitaji nguvu ya gramu 45 hivi. Kahawia ina kinundu kidogo unachokisikia kidoleni pale inapoandika, nayo ni nzito kidogo, kama gramu 55. Bluu ina kinundu na mlio wa "tik", gramu 60 hivi.

Kwa kazi ya fedha napendekeza kahawia, au yoyote yenye kinundu cha namna hiyo. Nyekundu inasifiwa sana na wacheza gemu kwa wepesi wake, na wepesi huohuo ndio tatizo letu: dole gumba likipumzika juu ya sifuri, sifuri inaingia. Kinundu kinaambia kidole kwamba namba imeshaandikwa, na huhitaji kuangalia. Bluu si mbaya kwa usahihi, lakini kama mko watatu kwenye chumba kimoja cha ofisi Samora au Kivukoni, jirani yako ataichukia kabla ya saa sita mchana. Dukani Kariakoo, kwenye spika za matangazo na honi za bodaboda, mlio huo hutausikia hata mwenyewe.

Magogoni kuna jambo la kuongeza. Upepo wa bahari unabeba chumvi na unyevu, na ndani ya swichi ya kawaida kuna vipande viwili vya chuma vinavyogusana. Vikishika kutu au vumbi, kitufe kinaanza kuandika mara mbili: unabonyeza 5 inaingia 55. Kama kazi yako iko karibu na Feri, ulizia aina moja kati ya hizi:

– Swichi za Kailh zinazoitwa BOX, ambazo sehemu ya mgusano imefungiwa ndani ya kiboksi chake dhidi ya vumbi na majimaji.
– Swichi za mwanga au za sumaku, ambazo hazitegemei chuma kugusa chuma.

Kofia za vitufe nazo ziangalie. Plastiki ya ABS inapata mng'aro wa mafuta ya vidole upesi. Ya PBT ni kavu na ngumu zaidi. Namba iliyochapwa juu juu itafutika, na itaanza sifuri. Tafuta namba iliyotengenezwa kwa plastiki ya rangi mbili au iliyozamishwa ndani ya kofia. Mwisho bonyeza vile vitufe vikubwa, yaani 0, + na Enter, kwenye pembe zake. Vinashikiliwa na vyuma vya kusawazisha, na kazi ikiwa mbovu vinalia kama debe au vinakwama upande. Kibodi ikikwama sifuri dukani, nyumbani haitapona.

MAWASILIANO: NJIA TATU, NA HATARI MOJA

Nunua yenye njia zote tatu: Bluetooth, risiva ndogo ya USB ya 2.4 GHz, na waya. Bluetooth haichukui tundu la kompyuta na inaweza kuhama kati ya laptopu na simu. Risiva ya USB huamka haraka zaidi kibodi ikiwa imelala. Waya unahitajika kwa kuchaji na kwa marekebisho, na ni kimbilio betri ikiisha siku ya kufunga hesabu.

Kariakoo ina msongamano mkubwa wa redio. Kila ghorofa ina Wi-Fi kadhaa, kila fremu ina spika ya Bluetooth. Ukiona namba zinarukwa:

1. Toa risiva kwenye tundu la USB lililo karibu na flashi au diski ya nje. Intel ilieleza mwaka 2012 kwamba vifaa vya USB 3.0 hutoa kelele kwenye masafa hayohayo ya 2.4 GHz. Matundu hayo mara nyingi yana plastiki ya bluu ndani.
2. Tumia waya mfupi wa kurefushia USB, risiva ikae juu ya meza karibu na kibodi, isijifiche nyuma ya kompyuta.
3. Kama router yako inaruhusu, hamishia kompyuta kwenye Wi-Fi ya 5 GHz.
4. Ikishindikana, funga hesabu kwa waya. Hakuna aibu.

| ONYO: NAMBA ZA SIRI
| Mwaka 2016 watafiti wa kampuni ya Bastille ya Marekani walionyesha kwamba kibodi kadhaa za bei nafuu zenye risiva ya 2.4 GHz zilirusha kila kilichobonyezwa bila kukificha, na mtu wa mbali, hata nje ya chumba, angeweza kukisoma kwa vifaa vya bei ndogo. Fremu za Kariakoo zimepakana ukuta kwa ukuta. Kwa hiyo:
| – Namba ya siri ya benki usiiandike kwa kibodi ya redio isiyo na jina. Chomeka waya, au tumia vitufe vya laptopu yenyewe.
| – Ukinunua, soma kwenye boksi au maelezo kama mawasiliano ya 2.4 GHz yanafichwa kwa msimbo. Bluetooth iliyounganishwa vizuri hufichwa kwa kawaida.
| – Risiva usiiache kwenye kompyuta ya mtu mwingine.

BETRI

Kinachomaliza chaji ya kibodi hizi ni taa. Kibodi yenye taa za rangi inaweza kukuomba chaji baada ya siku chache, wakati ileile ikizimwa taa inakwenda wiki nyingi. Zima taa siku ya kwanza. Ukitaka kuona namba gizani, weka mwanga mmoja hafifu.

Hakikisha tundu la chaji ni la Type-C, waya wa simu uweze kuichaji. Hakikisha pia inafanya kazi huku inachaji, kwa sababu zipo zinazochaji tu kwenye waya bila kutuma namba.

KUNUNUA

Kibodi ya namba ya waya au ya redio yenye mpira utaiona kwenye maduka ya kompyuta ya Posta, Kisutu na Kariakoo. Ya kimakanika isiyo na waya ni adimu mezani. Mara nyingi inaagizwa. Majina ya kuanzia kuulizia ni Keychron Q0 Max na V0 Max, na Epomaker EK21. Q0 Max ni ya alumini, nzito, haitelezi mezani; V0 Max ni ya plastiki, na ndugu hawa wawili wana safu ya ziada ya vitufe upande wa kushoto. EK21 ina kitufe cha kuzungusha. Zote hizi zinarekebishika kwa VIA, programu ya kupanga upya vitufe nitakayoieleza, na zote zinaruhusu kuchomoa swichi kwa mkono.

Ukiagiza China kupitia wakala wa mizigo, zingatia mambo mawili. Mzigo wa ndege hutozwa kwa kilo, kwa hiyo alumini itakugharimu mara mbili, kwenye bei na kwenye nauli. La pili, ndani kuna betri ya lithiamu. Mwambie wakala mapema, kwa maandishi. Betri yenyewe ni ndogo: ya mAh 2,000 kwa volti 3.7 ni Wh 7.4 tu, mbali kabisa na mpaka wa Wh 100 unaotumika kwa vifaa vya abiria. Lakini mzigo usiotajwa betri unaweza kuzuiwa, na ukizuiwa hutajua uko wapi.

Ukiikuta dukani, usitoke nayo bila kuijaribu. Simu yako inatosha:

1. Iunganishe na simu kwa Bluetooth, fungua sehemu ya kuandika maelezo.
2. Bonyeza kila kitufe mara kumi ukihesabu kwa sauti. Kitufe kilichoandika 9 au 11 ni kibovu.
3. Kama badala ya namba unaona mshale ukirukaruka, bonyeza Num Lock kwanza, si ubovu.
4. Chomeka waya, hakikisha taa ya chaji inawaka.
5. Omba uchomeke risiva kwenye kompyuta ya duka. Risiva iliyopotea kwa kawaida haina mbadala.

| MUULIZE MUUZAJI
| "Bosi, hii inachomoka swichi au imechomelewa?"
| "Swichi za akiba zimo kwenye boksi? Na kile kikoleo cha kuchomolea?"
| "Inaingia kwenye VIA, au ina programu yake?"
| "Ikigoma wiki hii narudisha kwa nani?"
| Jibu la swali la mwisho liandikwe nyuma ya risiti ya EFD. Kwenye maduka mengi utakuta maneno "mali ikishauzwa hairudishwi". Mapatano ya mdomo hayatakusaidia.

Muuzaji akikwambia "hii ni mekanika" lakini kofia ikivuliwa unaona kikombe cha mpira, mshukuru uende zako.

KUIREKEBISHA: HAPA NDIPO PESA YAKO INAPORUDI

Kibodi ya namba iliyotoka kiwandani imepangwa kwa mtu wa dola na senti. Ina kitufe kizima cha nukta pembeni ya sifuri, mahali pazuri kuliko pote, na haina sifuri tatu. Sisi biashara ya kila siku haina senti. Kwa hiyo rekebisho la kwanza, na kwa wengi la mwisho, ni kukifanya kitufe cha nukta kiandike 000. Milioni moja na nusu ilikuwa mibonyezo saba. Sasa ni 1, 5, 0, 0, kisha 000: mitano. Milioni ishirini inakuwa 2, 0, 000, 000: minne badala ya minane. Faida kubwa kuliko spidi ni kwamba unahesabu makundi ya maelfu kama unavyoyatamka, na jicho halihesabu tena sifuri mojamoja.

Nukta usiitupe. Anayeuza kwa kilo anaandika 2.5, anayelipa wasambazaji wa nje anaandika kiwango cha dola. Ihamishie kwenye kitufe cha safu ya ziada, au mahali pa Num Lock kama huigusi Num Lock kamwe.

Njia ya VIA ndiyo ninayoipendelea, kwa sababu marekebisho yanakaa ndani ya kibodi yenyewe. Ukiihamishia kwenye kompyuta nyingine, 000 inakwenda nayo.

1. Sogeza swichi ya pembeni ya kuchagua njia ya mawasiliano iwe kwenye waya, chomeka USB. Marekebisho hayafanyiki kwa Bluetooth.
2. Fungua usevia.app kwa Chrome au Edge. Firefox haitakubali. Ruhusu tovuti ione kibodi. Wenye Keychron wanaweza kutumia ukurasa wa kampuni hiyo uitwao Launcher.
3. Kama kibodi haitambuliki, pakua faili lake la JSON kwenye tovuti ya mtengenezaji, washa sehemu ya Design kwenye mipangilio ya VIA, na ulipakie hapo.
4. Kabla hujagusa chochote, hifadhi mpangilio wa kiwandani kwenye faili. Nenda Save + Load, bonyeza Save.
5. Fungua Macros (makro ni mfuatano wa mibonyezo unaofanywa na kitufe kimoja), chagua M0, na urekodi kwa kubonyeza sifuri ya kibodi hiyohiyo mara tatu. Hifadhi.
6. Rudi Keymap, bonyeza picha ya kitufe cha nukta, kisha chagua M0 kwenye orodha ya makro.
7. Chagua mahali papya pa nukta, uiweke.
8. Hifadhi tena faili, kwa jina lenye tarehe. Jitumie kwa barua pepe.
9. Chomoa waya, rudi kwenye Bluetooth au risiva, andika 000 mara hamsini kwenye safu ya Excel ukianzia na 1 kila mstari. Kila mstari lazima usome 1000. Mstari mmoja ukisoma 100, ongeza muda wa kupumzika kati ya sifuri kwenye makro, urudie jaribio.

Kwa nini nasisitiza sifuri ya kibodi yenyewe kwenye hatua ya 5? Laptopu za mtumba kutoka Ulaya mara nyingine zinabaki na mpangilio wa Kifaransa, ambao mstari wa juu ukibonyezwa bila Shift hautoi namba. Sifuri ya juu inatoa "à". Sifuri ya kibodi ya namba inabaki sifuri. Laptopu hizohizo zinaweza kutumia mkato badala ya nukta kwenye desimali. Ukiona 2.5 inageuka 2,5 au inakataa kujumlishwa, rekebisha mipangilio ya eneo kwenye Windows. Kibodi haina kosa.

Ukipata kibodi isiyoingia kwenye VIA, tumia programu ya mtengenezaji. Ikikosekana kabisa, AutoHotkey ya Windows ni bure na inaweza kufanya kazi hiyo, ila rekebisho litabaki kwenye kompyuta ile moja.

Vitufe vingine vinavyostahili nafasi kwenye safu ya ziada:

– Backspace, ili mkono usikimbie kwenye laptopu kila ukikosea.
– Tab, ambayo Excel huitumia kwenda kulia. Ingiza tarehe, Tab, ankara, Tab, kiasi, kisha Enter, na mshale unarudi mwanzo wa mstari unaofuata.
– Alama ya sawasawa.
– Ctrl+S ya kuhifadhi. Umeme haukupi taarifa.

Nimeona watu wanaweka VAT kwenye kitufe, yaani makro inayoandika *18/118 ili kuchomoa kodi iliyomo ndani ya bei. Hesabu yenyewe ni sahihi kwa kiwango cha kawaida cha 18% cha Tanzania Bara: kwenye 236,000 kodi ni 36,000 na bei tupu ni 200,000. Lakini nakusihi usiifiche kwenye kitufe. Viwango vya kodi hubadilishwa na sheria ya fedha ya kila mwaka, na si kila bidhaa inatozwa sawa. Weka kiwango kwenye seli moja ya Excel mahali panapoonekana, kila hesabu ikitegemee. Kibodi ibaki ya kuandika namba.

| MAKOSA YA KAWAIDA
| Kubadilisha nukta bila kubadilisha kofia. Mwenzako ataandika 12.50 na itaingia 1200050. Weka kofia ya rangi tofauti, au kipande cha karatasi chenye 000 chini ya selotepu, siku hiyohiyo.
| Kuweka makro nyingi. Zaidi ya tano utazisahau, na kidole kitagusa usiyoikusudia.
| Kutokuzima Num Lock ya laptopu. Baadhi ya laptopu za zamani zina namba zilizofichwa kwenye herufi U, I, O, J, K, L. Ukiwasha Num Lock ya kibodi ya nje, herufi hizo nazo zinageuka namba. Angalia mipangilio ya laptopu, au bonyeza Fn pamoja na Num Lock.

KUKAMATA KOSA KABLA HALIJAKUKAMATA

Kitufe cha 000 kinapunguza aina moja ya kosa na kinaleta nyingine: kukipiga mara mbili. Kwa hiyo usiingize ankara nyingi bila kuzihesabu. Chukua fungu la ishirini hivi, lijumlishe kwa kalkuleta, andika jumla kwenye karatasi ya juu, kisha liingize kwenye kompyuta na ulinganishe. Zikitofautiana, tofauti yenyewe itakuonyesha pa kutafuta.

Gawanya tofauti kwa 9. Ikigawanyika bila baki, shuku sifuri moja iliyozidi au tarakimu mbili zilizopishana. Mfano, 45,000 iliyoandikwa 450,000 inaleta tofauti ya 405,000. Gawa kwa 9 unapata 45,000, ambayo ndiyo ankara ya kuitafuta. Iliyoandikwa 54,000 inaleta tofauti ya 9,000. Gawa kwa 9 unapata 1,000, nawe unatafuta tarakimu zilizopishana kwenye maelfu.

Gawanya kwa 999 kama unashuku 000 imepigwa mara mbili. Ile 45,000 ikiingia kama 45,000,000, tofauti ni 44,955,000. Gawa kwa 999, unarudi kwenye 45,000 kamili.

Mbinu hii inakwenda vizuri kosa likiwa moja kwenye fungu. Ndiyo sababu mafungu yawe madogo.

KUITUNZA

Kila Jumamosi jioni igeuze chini juu, igonge taratibu, pitisha brashi kavu kati ya vitufe. Ikifika mwezi vua kofia zote, zioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, zikauke kabisa kabla ya kuzirudisha. Piga picha kabla ya kuzivua. Soda au chai ikimwagika, zima kibodi mara moja, chomoa waya, igeuze, vua kofia, na swichi zilizolowa zisafishwe kwa pombe ya aisopropili, ileile wanayotumia mafundi simu. Usipulizie mafuta ya kulegeza kutu.

Kubadilisha swichi iliyochoka:

1. Zima kibodi na uchomoe waya.
2. Vua kofia kwa kikoleo, kisha bana swichi juu na chini na uivute wima.
3. Hesabu miguu. Swichi za miguu mitano hazikai kwenye ubao wa matundu matatu mpaka ukate ile miwili ya plastiki. Za miguu mitatu zinakaa kwenye ubao wa matundu matatu na wa matundu matano.
4. Nyoosha miguu ya shaba, lenga matundu, sukuma wima. Ukilazimisha, mguu unajikunja chini na kitufe hakitaandika.
5. Jaribu kabla ya kurudisha kofia.

Nunua swichi kumi za akiba siku unaponunua kibodi, kwa sababu aina hiyohiyo huenda usiipate mjini mwaka ujao. Ukiishiwa katikati ya kufunga mwezi, chomoa swichi ya kitufe usichokigusa, kama kile cha kugawanya, uihamishie kwenye sifuri, uendelee na kazi.